Refa wa Video na Mtani wa Mume Wangu

Raga mimi siipendi, niseme mapema, asije mtu akadhani naandika kwa mapenzi. Nimeishi nayo sebuleni miaka yote ya ndoa yangu kama unavyoishi na ndugu wa mume aliyekuja kusalimia akahamia. Tena siyo ile ya wachezaji saba ambayo Wakenya wa kanisani kwetu wanaishangilia, wala ile ya kumi na tano. Ni raga ya ligi, ya watu kumi na watatu kila upande, ambayo Mtanzania akiijua lazima ajieleze. Mume wangu alikuwa na maelezo. Alisomea ufundi kaskazini mwa Uingereza, kwenye mji wa viwanda na mvua, na mama mwenye nyumba aliyempangisha chumba hakuwa na dini nyingine zaidi ya mchezo huo. Chumba cha pili alipanga kijana mwingine kutoka Dar es Salaam. Hao wawili waliingia mji ule hawajui hata mpira wake una umbo gani. Walitoka wameambukizwa.

Tulipohamia Toronto, rafiki naye hakukaa sana akafuata. Sisi tukapata nyumba kwenye maghorofa ya Crescent Town, yeye akaenda North York. Kuna misimu michache jiji hili lilikuwa na timu yake ya kulipwa ikicheza na Waingereza, na hao wazee wawili walikwenda uwanjani wamevaa jezi juu ya makoti kama vichaa. Timu ikaja ikafa. Wakabaki na televisheni yangu. Mechi za Uingereza huku kwetu zinaonyeshwa Jumamosi asubuhi, saa ile ile ambayo mimi narudi kutoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, miguu imevimba, nataka kitanda tu. Mlango nafungua nakuta, "Kazuiwa!" "Hajazuiwa!" Usiombe.

Lazima nieleze pia kwamba hawakuwa marafiki tu, walikuwa watani. Mume wangu ni Mnyamwezi, mwenzake Mzaramo, na makabila hayo yanataniana tangu enzi za misafara, Mnyamwezi akishuka pwani na mzigo kichwani na Mzaramo akimpokea kwa chakula na kejeli. Mtani anaruhusiwa kukwambia lolote. Anakucheka ukiumwa, anakucheka ukifiwa, na wewe huruhusiwi kukasirika, maana ukikasirika umeshindwa. Basi kila Jumamosi huyo shemeji yangu alikuwa anabisha hodi kwa sauti inayosikika mpaka kwenye lifti: "Hodi humu! Huyo mpagazi bado hajafa? Nimevaa viatu vya msiba bure." Na mume wangu anajibu kutoka kwenye kochi, "Pita, mla mirathi, viatu acha nje." Majirani zetu Wabangladeshi walishazoea.

Sasa hiyo sheria iliyokuwa inanikosesha usingizi. Katika mchezo huu huruhusiwi kumzuia mtu ambaye hana mpira. Mpaka hapo sawa. Lakini timu inayoshambulia ina ujanja wake: inamtuma mchezaji mmoja akimbie mbele mikono mitupu, kana kwamba ndiye atakayepewa pasi, walinzi wamkodolee macho yeye, kumbe mpira unapita nyuma ya mgongo wake kwenda kwa mwingine. Pale nyumbani yule mkimbiaji wa mikono mitupu tulimwita danganya toto. Akipenya katikati ya walinzi bila kumgusa mtu, safi. Akimgonga mlinzi au akimzibia njia, na mwenye mpira akapita pale pale akafunga, refa anatakiwa akatae. Ila je, kama mlinzi yule asingemfikia mwenye mpira hata angepewa pikipiki? Kama aligongwa bega la nje, si la ndani? Kama alijiangusha makusudi, akalala pale na kumtazama refa kwa huruma? Hapo ndipo refa anachora mraba hewani kwa vidole, kesi inakwenda kwa refa wa video, na picha ile ile inarudishwa mbele na nyuma mpaka chai inapoa.

Mume wangu alitaka sheria iwe kavu. Alifanya kazi ya ukaguzi wa vipuri kiwandani Mississauga mpaka akastaafu, na kwake kipuri ama kinapita ama hakipiti. "Danganya toto kamgusa mlinzi, mwenye mpira kapita nyuma yake, basi, kosa," alisema. "Habari ya angefika au asingefika inatoka wapi? Refa ni mganga wa kupiga ramli?" Mwenzake alikuwa dereva wa basi la jiji, na mtu aliyeendesha basi katikati ya Toronto haamini kwamba kila anayeguswa kaonewa. "Barabarani wote tunazuiana," alijibu. "Ukisimama kwa kila anayelalamika hufiki kituoni. Mtazame huyo beki wako, kajirusha kama mtoto aliyenyimwa soda."

Kilichowauma zaidi, na hapo angalau wote wawili waligombana na kitu kimoja, ni marefa kukosa msimamo. Jumamosi hii trai, yaani bao la raga, inakataliwa kwa sababu danganya toto kamgusa mtu kiwiko. Jumamosi ijayo refa yule yule anakubali nyingine ambayo mlinzi kapigwa kumbo akaona nyota. Kila msimu wakubwa wa ligi wanatoa maelezo mapya ya sheria ile ile, kwa wiki chache marefa wanakuwa wakali kama walimu wa zamu, halafu wanachoka, kila mmoja anarudi kwenye moyo wake. Mume wangu alikumbuka maamuzi ya miaka mingi nyuma, nani alikimbia, bega lipi liliguswa. Aliniudhi kweli. Kuninunulia maziwa alikuwa anasahau.

Lakini polepole nilianza kuwaelewa, na hili nalisema kwa shingo upande. Kule kazini tuna msimamizi wa zamu. Leo familia ya bibi mmoja inaleta supu kutoka nyumbani, anaruhusu, anatabasamu. Kesho familia nyingine inaleta wali, anasema kanuni haziruhusu chakula cha nje. Mimi ndiye ninayesimama katikati na sufuria ya watu mkononi. Ukiuliza, unaambiwa inategemea. Sheria ngumu naweza kuishi nayo, nimelelewa na masista. Kinachonichosha mifupa ni kutokujua leo ni siku ya sheria gani. Siku moja nilirudi nimeshiba maneno hayo, nikakuta wanabishana, nikasema tu nikiwa navua koti, "Wakatae zote au wakubali zote, tulale." Wakanigeukia. Shemeji akasema nimemaliza mjadala, halafu wakaendelea.

Yeye mwenyewe, huyo mtetezi wa busara, msimamo wake ulikuwa mmoja tu: kumpinga mume wangu. Mume wangu alishtuka siku moja akaamua kumtega. Trai ikaja yenye utata, kabla mwenzake hajafungua mdomo akasema, "Hiyo halali, beki kajiangusha." Wallahi yule bwana hakupepesa hata jicho. "Halali gani? Kaguswa bega la ndani, sheria ni sheria." Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilikuwa nimelala chumbani, nikaamshwa na kicheko hicho, nikatoka kuwatukana wote wawili.

Halafu mume wangu akaanza kukonda. Tukadhani ni kustaafu, tukadhani ni meno. Ilikuwa saratani ya kongosho. Siku ya majibu daktari, mama mmoja mpole, alimuuliza kwanza angependa kujua kiasi gani. Huku wanauliza hivyo. Mume wangu akamjibu, "Mimi niambie dawa za kunywa. Mengine mwambie mke wangu." Akatoka na nesi kwenda kutolewa damu, akatuacha mimi na binti yetu kwenye viti, na daktari akatuambia mengine. Hakukuwa na mengi. Alisema tuongee naye akiwa tayari, tumpe anachokipenda, na kwamba majani yakigeuka rangi kabla ya baridi, pengine hatayaona.

Toka siku hiyo kazi yangu ilikuwa hiyo moja, asijue mpaka atakapouliza mwenyewe. Kazini nilikwenda, nyumbani nilirudi, usoni nilivaa sura ya kila siku, na mtu asiyewahi kuivaa sura hiyo kwa wiki nyingi asinifundishe uchovu ni nini. Nilipika kama kawaida na nikagomba kama kawaida. Hasa kugomba. Siku nilipojaribu kuwa mpole aliniuliza nimeharibu nini. Na Jumamosi nilizilinda kuliko kitu chochote. Zile saa mbili za kelele alikuwa mtu mzima kabisa, anatukana marefa wa watu walioko ng'ambo ya bahari, anakunywa chai nusu kikombe bila mimi kumbembeleza. Shemeji sikumwambia kitu. Alijua rafiki yake anaumwa, basi. Niliogopa akijua zaidi ulimi wake utakufa ganzi.

Binti yetu alizaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote, kujibu anajibu kwa Kiingereza, na utani sikuwahi kumfundisha kwa sababu utani haufundishwi, mtoto anaukuta uani. Huku uani hakuna. Jumamosi moja alikuja kumwona baba yake akamkuta huyo mjomba wake wa hiari anasema, "Umekonda vizuri, mpagazi. Wabebaji wawili tu watatosha, wengine waje kula." Mume wangu alicheka, na ndicho kilikuwa kicheko pekee cha wiki ile. Mtoto alitoka sebuleni macho mekundu. Akaniuliza jikoni, kwa Kiingereza cha hasira, inakuwaje namruhusu mtu amwambie Baba maneno kama hayo. Nikamweleza Wazaramo na Wanyamwezi, misafara, mizigo. Akasema ameelewa. Akasema lakini Baba anakufa, Mama. Nikamwambia ashushe sauti.

Jumamosi iliyofuata sikusikia hodi. Kengele ililia mara moja, kistaarabu. Nilifungua nikamkuta shemeji amevaa shati la Ijumaa, ameshika kikapu cha matunda kilichofungwa kwa plastiki na utepe, kama mtu aliyekosea mlango akaja kwetu badala ya kwenda kwa mwajiri wake.

"Habari za asubuhi, shemeji," akasema taratibu. "Mgonjwa ameamkaje?"

Nilimshika mkono nikamvutia jikoni nikafunga mlango. "Nani kakwambia?"

"Mtoto alinipigia jana. Alikuwa analia. Ameniomba nisibishane naye tena, nimsemeshe kwa upole siku hizi zilizobaki."

"Na wewe ukasemaje?"

"Ningesemaje, shemeji? Ni mtoto, analia."

Niliudhika na binti yangu, nikaudhika zaidi kwa kuwa alifanya kwa mapenzi na sikuwa na pa kumpigia. "Nisikilize," nikamwambia. "Hajui. Mwenyewe hakutaka kujua. Sasa nenda pale sebuleni ukamtukane. Mwambie ananuka dawa, mwambie amebaki masikio, mwambie unalolitaka. Ukimpa pole tu, atajua."

"Nitajitahidi," akasema. Akachukua kitambaa nilichofutia sufuria ya maharage akafutia macho.

Akaenda. Mimi nikasimama nyuma ya mlango kama mwizi. "We mpagazi," nikamsikia, "bado upo?" Sauti ilimtoka kama ya mtu anayesoma tangazo la kanisani, na yeye hata kanisani haendi.

"Nipo. Hayo matunda ya nani?"

"Nimeyaokota kwenye treni."

"Na utepe wake? Mzaramo hata kuiba hujui." Mume wangu akacheka kidogo, na mimi nikavuta pumzi. Nikaanza kukaanga mandazi. Nikasema moyoni, labda litapita hili.

Kipindi cha kwanza kilipita. Kilikuwa kimepooza lakini kilipita, shemeji akiitikia na kuguna hapa na pale, mume wangu akimlaumu kila mtu mwenye filimbi. Nilikuwa naingia na sahani ya mandazi kipindi cha pili kilipokuwa kimekolea. Timu iliyovaa nyekundu ikashambulia kulia. Danganya toto mmoja mkubwa kama kabati akakimbia mikono mitupu, akamgonga mlinzi begani, mlinzi akapaa akaanguka, mpira ukapita nyuma, mtu akafunga pembeni. Refa akachora mraba wake hewani. Ikaanza kurudishwa picha.

"Kazuiwa," akasema mume wangu. "Bega la ndani hilo. Hiyo si trai hata kwa rushwa."

Akasubiri. Miaka yote sijawahi kumwona akisubiri, maana jibu lilikuwa linamkuta bado hajafunga mdomo. Mimi nimesimama na sahani, namkazia macho shemeji, namwomba kwa macho, hata teke ningempiga kama ningemfikia. Yeye anatazama televisheni.

"Ni kweli," akasema. "Kazuiwa kabisa."

Mume wangu aligeuza shingo taratibu akamtazama. Kwenye televisheni yule mlinzi alikuwa anaanguka tena na tena.

"Ila tazama vizuri," mume wangu akasema, pole pole, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. "Huyo beki kajirusha mwenyewe. Asingemfikia yule mwenye mpira hata kwa basi."

Niliona mtego. Shemeji naye nadhani aliuona, na hakuwa na nguvu za kuuruka.

"Hilo nalo kweli, kaka," akasema.

Kaka. Hakuwahi kumwita hivyo tangu nimewajua.

Mume wangu akachukua rimoti akazima televisheni refa akiwa bado hajaamua. Nikasikia mafuta yanavyochemka jikoni, nikakumbuka sijazima jiko, na sikwenda kulizima.

"Mama watoto, weka sahani. Kaa."

Nikakaa.

"Daktari alisema nini?"

"Si ulisema hutaki kuambiwa."

"Nilisema. Sasa nauliza."

Nikamwambia. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale wiki baada ya wiki, nikidhani siku nikiyatoa nitapiga kelele, na yakatoka makavu, machache, kwa sauti ile ile ninayotumia kumwambia bili zimefika. Nilikuwa nimechoka mno hata kulia. Alisikiliza akitazama televisheni iliyozimwa. Nilipomaliza akaniuliza kama mtoto anajua, nikasema anajua. Akatikisa kichwa. Kisha akamgeukia mwenzake, ambaye alikuwa ameficha uso kwenye viganja.

"Na wewe ulijua."

"Tangu jana."

"Ndiyo maana ukanikubalia. Mara mbili."

"Nisamehe," akasema shemeji kutoka ndani ya viganja. "Nilikuonea huruma."

Mume wangu akaegemea kochi, akafumba macho.

"Mzaramo kunionea huruma mimi," akasema. "Basi kweli nimekwisha."